Mpenzi wa treni ku bonde la Ruzizi: asome jarida la karatasi ao la simu?

Runingu, kati ya Kiliba na Sange ku Route nationale namba 5, haina treni. Kuko malori, kuko pikipiki, kuko baiskeli zenye kubeba mizigo. Lakini hadi mwaka 1958 treni ilikuwa inapita bonde hili, toka Kalundu kwenye ziwa hadi Kamanyola chini ya milima. Kijana wa leo mwenye kupenda mambo ya treni hawezi kwenda kando ya reli kuiangalia. Anabaki na njia mbili: kusoma, na kuuliza wazee.

Kwa upande wa kusoma, kuko majarida ya karatasi, na kuko yale ya kufungua ku simu. Makala hii inaeleza kila aina inafaa nini kwa mtu wa Runingu, Uvira ao Luvungi, inagharimu nini, na kwa nini zote mbili zina tundu moja kubwa ambalo watu wa bonde pekee ndio wanaweza kuliziba.

Kwa ufupi

- Reli ya bonde iliitwa Chemin de fer du Kivu, kwa kifupi CEFAKI. Ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 94 na ikafungwa mwaka 1958.
- Majarida ya wapenzi wa treni yalianza Ulaya mwisho wa karne ya 19. La karatasi linadumu lakini halifiki. La simu linafika lakini linategemea mega, umeme na mwenye kulimiliki.
- Ku yote mawili, reli ya Uvira imeandikwa kidogo sana. Mashahidi wake wa mwisho leo wamekaribia miaka 80 ao wameipita.

Reli iliyopita hapa

Ili kuelewa kwa nini reli ile ilijengwa, mtu aangalie mto. Ruzizi inatoka ziwa Kivu na kuingia ziwa Tanganyika, na katikati inashuka karibu mita 700. Hakuna meli wala mtumbwi wenye kuweza kupanda mto huo. Mizigo yenye kutoka Dar es Salaam ilikuwa inafika Kigoma kwa treni, juu ya reli iliyofika kwenye ziwa mwaka 1914. Upande wa Kongo, reli ya Grands Lacs, yaani CFL, ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Toka bandari hizo mbili mizigo ilipanda meli hadi mwisho wa ziwa kaskazini. Pale ndipo shida ilianza: namna gani kuifikisha Bukavu?

Jibu la wakoloni Wabelgiji lilikuwa reli ya bonde. Ilianza kazi mwanzo wa miaka ya 1930, upande wa Kongo wa mto, toka bandari ya Kalundu hadi Kamanyola. Pale bonde linaisha na milima inasimama kama ukuta, na reli nayo ikasimama. Toka Kamanyola mizigo iliendelea kwa gari kupitia miinuko ya Ngomo hadi Bukavu. Treni haikufika ziwa Kivu hata siku moja. Mwaka 1958, miaka miwili mbele ya uhuru, reli ikafungwa. Tangu pale, mizigo ya bonde ni ya malori.

Runingu iko kati ya ncha hizo mbili. Mtoto wa hapa mwenye kusikia kwamba treni ilipita anauliza maswali ya kawaida: ilipita wapi kabisa? Ilisimama wapi? Ilibeba nini? Ndipo anaanza kutafuta cha kusoma.

Majarida ya treni ni kitu gani

Kuna watu duniani ambao treni kwao ni kama mpira kwa wengine. Wanajua namba za injini, mwaka ilitengenezwa, kiwanda kilichoitengeneza na njia ilizotembea. Wengine wanapiga picha. Wengine wanajenga treni ndogo za kuchezesha nyumbani, kwa vipimo vyenye kukubaliwa dunia nzima. Kipimo chenye kujulikana zaidi, HO, kinapunguza kila kitu mara 87. Kwa kipimo hicho, reli nzima ya Kalundu hadi Kamanyola ingekuwa na urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja. Watoto wa bonde wenye kutengeneza gari za waya wangeelewa utamu wake mara moja.

Watu hao ndio wanasoma majarida ya treni. The Railway Magazine lilianza London mwezi wa Julai 1897 na linatoka mpaka leo. Marekani, Model Railroader la treni ndogo lilianza 1934, na Trains likafuata mwaka 1940. Ufaransa, jarida lililoanza 1938 kwa jina la Notre Métier likawa La Vie du Rail katika miaka ya 1950. Msomaji wa Kongo mwenye kujua Kifaransa anaweza kulisoma bila shida.

Hata Kiswahili kimewahi kuwa lugha ya habari za reli. Katika miaka ya 1950 na 1960, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na gazeti la Kiswahili kwa wafanyakazi wake, jina lake Sikio. Fundi wa reli alisoma mambo ya kazi yake kwa lugha aliyoongea kazini. Jambo hilo ni la kukumbuka, juu wengi wanafikiri mambo ya treni lazima yaandikwe kizungu.

Karatasi: nguvu yake na udhaifu wake

Nguvu ya kwanza ya karatasi ni kwamba haiombi kitu. Haiombi umeme, haiombi mega, haiombi neno la siri. Jarida la mwaka 1950 likiwekwa mahali pakavu linasomeka leo sawa na siku lilipotoka. Mtoto anaweza kulifungua, mzee anaweza kulishika karibu na macho, na watu watano wanaweza kuinamia picha moja kwa wakati mmoja.

Nguvu ya pili ni picha. Ku karatasi nzuri, picha ya kurasa mbili inaonyesha namba ya injini, nguo za watu, miti na milima ya nyuma. Simu ndogo inaipunguza picha ile ile mpaka injini inakuwa kama kiberiti.

Nguvu ya tatu ni ushuhuda. Jarida lililochapwa halibadilishwi kimya kimya. Kosa lililoandikwa mwaka 1955 bado liko pale, na sahihisho lake liko katika namba iliyofuata. Mtafiti anaweza kuona nani alisema nini, na lini.

Udhaifu wake watu wa bonde wanaujua. Hakuna mwenye kupita Runingu na jarida la treni toka London ao Paris. Nakala inakuja mkononi mwa mtu aliyesafiri, ao haiji. Bei ya namba moja pamoja na usafirishaji ni kubwa kwa familia yenye kutegemea shamba ao uvuvi. Vitabu ndivyo zaidi: kazi kubwa ya Charles Blanchart kuhusu reli za Kongo Belge, Le Rail au Congo belge, ambayo kitabu chake cha kwanza kilitoka 1993, ni vitabu vizito vya kukutwa maktaba za mbali.

Tena karatasi ina maadui wawili hapa kwetu: maji na mbio. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia katika mitaa ya pwani, Kalundu ikiwemo. Na vita ikifika, mama anabeba mtoto, sufuria na godoro. Hakuna mtu wa kumlaumu akiacha sanduku la karatasi za babu. Hivyo ndivyo kumbukumbu nyingi za bonde zimepotea.

Simu: nguvu yake na udhaifu wake

Jarida la simu linavuka mpaka bila kuuliza. Namba yenye kutoka leo asubuhi Ulaya, mtu wa Sange anaweza kuiona leo leo. The Railway Magazine limeweka namba zake za zamani toka 1897 ku intaneti kwa wenye kulipa. Tena kuko majarida ambayo hayakuzaliwa kwa karatasi kabisa: Model Railroad Hobbyist la Marekani lilianza 2009 likiwa la kompyuta tu, na msomaji hakuombwa kulipa. Maktaba ya taifa ya Ufaransa, kupitia Gallica, imefungua kurasa nyingi za magazeti ya zamani, na kusoma ni bure.

Nguvu yake kubwa ni kutafuta. Ku karatasi, mtu mwenye kutafuta neno “Uvira” anafungua kurasa elfu. Ku simu anaandika neno na kungoja. Lakini hapa kuko mtego wenye kuangusha wengi: majina yamebadilika. Mwenye kuandika “Bukavu” peke yake hatapata makala nyingi za mbele ya 1954, juu mji ulikuwa unaitwa Costermansville. Majina ya kujaribu ni haya:

- Kalemie: Albertville
- Bukavu: Costermansville
- Bujumbura: Usumbura
- Kamanyola: Kamaniola
- Kindu: Port-Empain
- Kisangani: Stanleyville
- Ziwa Tanganyika: kwa Kifaransa cha zamani mara nyingi Tanganika

Pia programu yenye kusoma herufi za karatasi iliyopigwa picha inakosea. Herufi ikififia, “Uvira” inaweza kusomwa kama neno lingine kabisa, na utafutaji unasema hakuna kitu wakati ukurasa upo. Dawa yake ni kutafuta kwa maneno mengi: “Kalundu”, “Ruzizi”, “Chemin de fer du Kivu”, “CEFAKI”.

Udhaifu wa simu uko wazi. Faili ya jarida lenye picha nyingi ni nzito, na forfait ya siku inaweza kuisha kabla faili haijaisha kupakuliwa. Umeme ukikatika, mtu analipa kuchaji. Majarida ya nje mara nyingi yanataka kadi ya banki, wakati wengi hapa wana pesa ku simu tu, na jarida la Ulaya halikubali M-Pesa ya Kongo wala Airtel Money. Ku majarida mengi, mtu akiacha kulipa, hata namba alizosoma jana zinafungwa.

Tena majarida yana wenyewe, na wenyewe wanabadilika. Mwaka 2024 Trains na Model Railroader yaliuzwa kwa kampuni nyingine, Firecrown. Mwenye nakala za karatasi ndani ya nyumba mauzo kama hayo hayamugusi. Mwenye kutegemea mlango wa intaneti anangojea aone mwenye mlango mupya atafanya nini.

Picha ya kuamini na picha ya kuacha

Ku WhatsApp kunatembea picha za treni zenye kuandikwa “Uvira zamani”. Nyingine zinaweza kuwa za kweli, nyingine ni za Kalemie, Kigoma ao hata nchi zingine. Siku hizi kuko pia picha zilizotengenezwa na kompyuta, ambazo hakuna mtu aliyezipiga. Mpenzi wa treni anajiuliza mambo manne mbele ya kuamini:

1. Herufi gani ziko ku injini ao ku behewa? CFL ni ya Grands Lacs, BCK ni ya Katanga na Kasai. Injini yenye herufi za reli nyingine inahitaji maelezo.
2. Nyuma kuko nini? Bonde la Ruzizi ni tambarare, na milima inasimama pande zote mbili: ya Kongo magharibi, ya Burundi mashariki.
3. Picha imetoka wapi? Picha yenye jina la mpigaji, mwaka na namba ya hifadhi ina uzito. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, linatunza picha nyingi za Kongo ya zamani, na zinaorodheshwa kwa namna hiyo.
4. Mwaka unakubaliana na historia? Picha ya treni ya bonde yenye kusemwa ni ya 1965 haiwezi kuwa kweli, juu reli ilikuwa imeshafungwa.

Hapa ndipo karatasi inasaidia simu. Jarida lililochapwa na maelezo chini ya picha ni kama kitambulisho. Picha ikikatwa toka ukurasa wake na kutumwa peke yake, inapoteza kitambulisho hicho.

Tundu ambalo majarida yote yanaacha

Mtu akilinganisha vizuri, ataona karatasi na simu zinagombana juu ya namna ya kupeleka habari, lakini zote zinachota kisima kimoja. Kisichoandikwa zamani hakiwezi kupigwa picha leo na kuwekwa ku intaneti. Reli ya Mombasa hadi Uganda ina vitabu, na ina jumba la makumbusho Nairobi lililofunguliwa 1971. CEFAKI ilikuwa fupi, ilikuwa ya mizigo ya mpakani, na ilikufa mapema. Yenye kupatikana mara nyingi ni mistari michache: urefu, ncha mbili, mwaka wa kufungwa.

Na mistari hiyo iliandikwa na watu wa ofisi. Haisemi nani alibeba mataruma begani. Haisemi kijiji kipi kilihamishwa, mshahara ulikuwa nini, nani aliumia, wala ng’ombe wa nani waligongwa. Haisemi vyuma vya reli vilienda wapi baada ya 1958. Mambo hayo yako, kama bado yako, ndani ya vichwa vya wazee.

Hesabu yake ni fupi. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 treni ilipofungwa alizaliwa 1948. Leo amekaribia miaka 80. Mtu mzima aliyefanya kazi juu ya reli ile, akiwa bado hai, ni mzee sana. Kila matanga yenye kufanyika Sange, Luberizi ao Kiliba yanaweza kuwa yanazika ukurasa ambao hakuna jarida litaupata tena.

Namna ya kuziba tundu

Kazi hiyo haiombi diploma. Inaomba kaye, biki na simu yenye kurekodi sauti.

Kwanza, mzee aulizwe kwa heshima na kwa lugha yake, iwe Kifuliiru, Kirundi, Kivira ao Kiswahili. Maswali mafupi yanafungua mengi: Mzee, treni ilipita upande gani wa barabara ya leo? Ilisimama wapi? Ilipiga filimbi saa ngapi? Ilibeba nini ikishuka, na nini ikipanda? Nani wa hapa alifanya kazi pale? Siku ilipoacha kupita, watu walisema nini?

Pili, iandikwe nani amesema, umri wake, mahali na tarehe, kama yeye anakubali jina lake liandikwe. Yale aliyoyaona kwa macho yatengwe na yale aliyosikia kwa baba yake. Yote yana maana, lakini uzito wake si mmoja.

Tatu, mzee asijazwe majibu. Mwenye kuuliza “Treni ilibeba pamba, si ndiyo?” atapata “ndiyo” ya adabu. Mwenye kuuliza “Ilibeba nini?” ndiye atasikia habari.

Nne, isihifadhiwe mahali pamoja. Sauti ibaki ndani ya simu, nakala iende ku kadi ya memoire, na maandishi yapelekwe secrétariat public ili yachapwe. Karatasi iwekwe ndani ya sashe ya plastiki, na nakala nyingine ilale nyumba nyingine, mbali na maji. Simu ikiibwa, karatasi iko. Karatasi ikiloa, kadi iko.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa majarida yenyewe. Kurasa mbili tatu zenye kuhusu ziwa Tanganyika zikipakuliwa mara moja, mahali penye mtandao mzuri, zinaweza kuchapwa na kusomwa shuleni mwaka mzima bila mega hata moja.

Kwa nini sasa

Mambo ya treni yanarudi karibu. Tanzania imeanza kutembeza treni ya umeme toka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mwezi wa Agosti 2025 Burundi iliweka jiwe la msingi la reli yenye kutoka Uvinza, Tanzania, kuelekea Musongati, na ku mipango ya serikali hizi Kongo ya mashariki inatajwa kama hatua ya mbele. Siku moja wapimaji wanaweza kushuka tena katika bonde na vyombo vyao, wakiuliza udongo uko namna gani, mito inafurika wapi, nani mwenye shamba hili.

Siku hiyo, kijiji chenye kumbukumbu kitakuwa na la kusema. Kitaonyesha reli ya kwanza ilipita wapi, maji yaliikata wapi, na nani alilipwa ao hakulipwa. Kijiji kisicho na kumbukumbu kitasomewa ramani iliyoandikwa mahali pengine.

Basi kwa mpenzi wa treni wa Runingu, jibu ni hili: simu kwa kutafuta, karatasi kwa kutunza. Na mbele ya kununua forfait ya kesho, apite kwanza kwa mzee jirani na kaye yake mkononi, juu majarida yatamungoja, mzee hatamungoja.